Kiti cha Nyuma ya Dereva

Jumapili, 3 Machi

Mvua za kwanza zimefika leo adhuhuri, nami nimehamia rasmi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mwanangu. Naandika haya kwa heshima zote kwa wenye nyumba, na ikiwa mmoja wao atayasoma siku moja, namwomba radhi mapema. Walimu wetu wa misheni walitaka kila mtu aandike siku yake kabla ya chakula cha jioni. Nilipanga herufi katika kiwanda chao cha uchapaji mpaka nikastaafu, na mkono uliozoea hivyo hauachi kwa urahisi.

Mwanangu anaendesha basi la shule. Mtaani wanamwita Bosi, ingawa hana hata mtu mmoja wa kumwamuru. Ni kwa sababu ya mwili wake. Leo tulipotoka kanisani, fundi viatu wa kwenye kona aliacha sindano yake akapiga saluti.

"Bosi! Mambo yamekunyookea! Tumbo linajisemea lenyewe!"

Mwanangu alicheka, nami nikacheka. Katika mazishi ya mama yake, miaka minne iliyopita, aliazima koti langu likamkaa vizuri. Leo lisingempita hata mkono.

Baada ya chakula alilala kwenye kochi, akakoroma hadi vikombe vikalia kabatini. Mkwe wangu, ambaye hupiga pasi mashuka hotelini, alitabasamu. "Ukimsikia hivyo, baba, ujue amelala kwelikweli." Nilimshukuru Mungu kwamba mwanangu anapata usingizi mzuri.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mjukuu wangu amenifundisha kuwasha jiko la gesi, kwa subira kubwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikusudia kutembea kidogo asubuhi, kama nilivyozoea nyumbani kwangu. Sikufika mbali. Barabara imepanuliwa hadi ikameza njia ya waenda kwa miguu, na ukingo uliobaki una upana wa kiatu. Askari wa lango la duka kubwa alinikimbilia na mwavuli.

"Mzee wangu, unatafuta nini barabarani? Umechoka kuishi?"

Nilimwomba msamaha, nikamwuliza soko la mboga liko wapi. Alinionyesha maegesho ya magari. "Lilikuwa hapo hapo unapopaona. Walilivunja mwaka juzi. Sasa ukitaka mboga za majani, panda gari." Nilimwuliza yeye hula nini zamuni. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua hutoka upande gani. "Chipsi, mzee. Ziko kila kona. Na soda ya kuzisukumia."

Niligeuka nikarudi. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jumapili, 10 Machi

Leo nilikaa karibu na kochi wakati mwanangu amelala. Mkoromo uliendelea vizuri, kisha ukakatika. Si kwamba ulipungua. Ulikatika, na kifua kikatulia kabisa. Nilianza Baba Yetu kimoyomoyo, nikafika katikati ndipo pumzi ikarudi kwa kishindo, kama mtu anayeibuka majini. Mjukuu wangu alikuwa akichora mezani wala hakuinua kichwa.

"Baba huwa anafanya hivyo," alisema. "Anakufa kidogo halafu anarudi."

Nilimkanya asiseme maneno hayo. Baadaye nilijuta kumkanya, maana alikuwa ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Jumatano, 13 Machi

Naomba radhi kwa mwandiko wangu wa leo.

Leo nilipanda basi pamoja na mjukuu wangu ili nione shule yake. Tulitoka kabla hakujapambazuka. Mwanangu aliingia kwa ubavu, akausukuma mwili wake kati ya kiti na usukani, na tangu hapo hakuteremka tena hadi watoto wote wa mizunguko yote walipofika. Zamani palikuwa na mama mmoja wa kuwapandisha na kuwateremsha watoto. Tajiri, yaani mwenye mabasi, alimwondoa. Mlango sasa unafunguliwa kwa swichi, kwa hiyo dereva hana hata sababu ya kusimama.

Kati ya mzunguko na mzunguko tuliingia katika yadi ya mabasi. Madereva wote ni wanene, wazee kwa vijana, na wote walinisalimu kwa adabu kupitia madirisha yao bila kushuka. Kwenye kona limesimama jokofu jekundu la kampuni ya soda. Dereva hunywa bure kadiri apendavyo, ili asisinzie. Nilipouliza maji ya kunywa, fundi wa magari alicheka. "Bomba lilikuwa hapo lilipo jokofu, mzee. Walilikata ili lipate pa kukaa."

Alasiri, wakati wa kuwarudisha watoto, kwenye kona inayopita juu ya korongo, basi lilianza kuegemea kulia. Niliona ukingo wa barabara ukiingia chini ya dirisha letu, na maji ya udongo kule chini. Watoto walikuwa wanaimba. Nilimtazama mwanangu kwenye kioo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na uso wake ulikuwa na amani kabisa.

Nilimgusa bega. Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "samahani."

Akashtuka, akarudisha basi katikati. Watoto walidhani ni mchezo, wakashangilia.

"Sikulala, baba," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa napumzisha macho."

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia mwanangu kwamba naona upweke nyumbani na ningependa kupanda naye kila siku. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema kiti cha nyuma ya dereva kiko wazi.

Jumanne, 19 Machi

Nimegundua jambo. Hadithi humlaza. Nilimsimulia jinsi tulivyopanga herufi moja moja, kinyumenyume kama kwenye kioo, na kabla hatujavuka daraja kichwa chake kilikuwa kinanesa. Kinachomwamsha ni mabishano. Sijawahi kubishana na mtu maishani mwangu; mapadri hawakupenda, na marehemu mke wangu hakunipa nafasi. Lakini leo nilijilazimisha.

"Mimi naona," nilisema, "katika mpira golikipa hana kazi. Wangemweka mchezaji mwingine mbele."

"Nini? Baba!" Alikaa wima. "Baba, unasema kitu gani? Golikipa hana kazi?"

"Anasimama tu, mwanangu. Anangoja."

Tulifika shuleni watoto wote wakinizomea. Mmoja aliniita Babu Kichekesho. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Ijumaa, 22 Machi

Golikipa tena. Mvua kubwa.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nilidai kwamba kuku si ndege. Tulifika salama.

Jumanne, 26 Machi

Kwa kunifurahisha, mwanangu alikubali twende kwa daktari. Ni mama mpole, mwenye umri wa binti ambaye ningeweza kumzaa. Alimpima shingo kwa utepe, akamtazama kooni, akauliza maswali kuhusu usingizi, nami niliyajibu kwa sababu aliyelala hawezi kujua. Alieleza bila kuficha. Nyama za kooni zimekuwa nzito. Akilala zinaziba njia ya hewa, naye anaamka kila mara bila kujua kwamba ameamka. Kwa hiyo huo haukuwa usingizi hata siku moja. Alikuwa akikabwa, nasi tulikaa kwenye viti tukimsifu.

"Kuna mashine ya kumsaidia kupumua," alisema daktari, "lakini hospitali hii haina. Kwa sasa apunguze mwili. Atembee kila siku. Aache soda na vya kukaanga. Na asiendeshe gari mpaka atibiwe."

"Nitembee wapi, daktari?" aliuliza mwanangu. Hakuuliza kwa ujeuri.

Daktari aligeuka akatazama dirishani. Magari yalikuwa yamebanana, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akingoja kwenye ukingo, hajui avuke vipi.

"Hata mimi huja kwa gari," alisema.

Nje mwanangu alinishika mkono. "Baba, tajiri asijue. Tafadhali. Sijui kazi nyingine." Nilimwahidi. Nimeandika neno hilo nikaliangalia sana: nilimwahidi.

Jumamosi, 30 Machi

Mkwe wangu amejua. Alikuwa akimenya viazi, akavitupa kwenye sufuria kimoja kimoja.

"Haya, niambie, baba. Nimpikie saa ngapi? Natoka giza, narudi giza, miguu imevimba kama mikate. Nikifika ameshakula kibandani. Nikimwekea mboga anasema asante mke wangu, anakula, halafu anatoka kwenda kununua chipsi. Ndugu zake wakija wananiambia unamtunza vizuri kaka yetu, amejaa. Angekonda wangesema namnyima. Sasa kosa langu mimi liko wapi?"

Nilimwambia hana kosa.

"Basi ni la nani?"

Nilisema sijui, nikamwomba kisu nimsaidie viazi. Alinikatalia. Nilipokuwa kijana ningeweza kutaja mkosaji wa jambo lolote kabla chai haijapoa.

Alhamisi, 4 Aprili

Korongo limekula kipande kingine cha ukingo kwenye ile kona. Wameweka mapipa mawili matupu na kamba.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeishiwa na mabishano. Leo nilitetea wazo kwamba mvua hutoka chini kwenda juu. Mwanangu alisema, "Sawa, baba." Hilo "sawa" liliniogopesha. Nilimwita jina lake la utotoni, alilolichukia, na hasira ikatufikisha.

Ijumaa, 12 Aprili

Kikohozi.

Jumatano, 17 Aprili

Homa imenilaza tangu Jumapili. Mkwe wangu amenikataza kunyanyuka, naye ana haki ya kunikataza. Jana na juzi mwanangu alirudi salama, akasimama mlangoni na kusema kwa utani, "Umeona? Hata bila golikipa."

Leo nilisikia mlango kabla ya wakati wake. Mjukuu wangu aliingia akiwa na kitambaa mdomoni. Mdomo wa chini umepasuka, na sare yake ina tope na damu. Baba yake alikuwa nyuma yake, amelowa, wala hakuwa amefunga mlango.

"Ni utelezi," alisema mwanangu. "Tumegusa pipa. Watoto wote wazima. Ni utelezi tu, mvua hii."

Akaenda kuoga.

Mjukuu wangu alikaa kando ya kitanda changu. Nilimuuliza kama inauma sana. Alitikisa kichwa.

"Babu, pipa moja lilianguka. Tulisikia likienda chini. Lilikuwa linagonga, linagonga, halafu kimya." Akabonyeza kitambaa. "Nilimwita baba. Nilisema golikipa hana kazi. Nilisema kwa nguvu, babu, lakini mimi nakaa nyuma kabisa."

Niligeuza uso wangu ukutani ili asinione.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimevunja ahadi yangu. Nilivaa suti yangu, nikaenda kwa tajiri.

Ofisi yake iko juu ya yadi, na ngazi zake zilinichosha. Yeye pia ni mtu mnene sana, mstaarabu, mwenye sauti ya chini. Alisimama kunipokea, jambo lililomgharimu, akanipa kiti na kuagiza niletewe soda. Nilimwambia nimeshiba, akasisitiza. Niliinywa. Nilikuwa nimekuja kumshtaki mtu, na nikainywa soda yake hadi mwisho kwa sababu sikulelewa kumkatalia mwenyeji.

Kisha nilisema. Nilisema yote: kona, kioo, daktari, mdomo wa mjukuu wangu. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya tumbo.

"Mzee wangu," alisema, "ulidhani sijui? Kwa nini nilikuacha upande basi langu kila siku bila kukuuliza neno? Tangu ukae pale, gari lile halijakwaruzwa hata rangi. Nilikuwa nawaza nitafute wazee wengine kama wewe kwa magari mengine."

Niliiweka chupa tupu sakafuni.

"Usinione mtu mbaya. Niliwaajiri wakiwa wembamba, wote. Mwanao alipokuja hapa alikuwa anaruka kuingia ndani. Mwaka wa pili, wa tatu, wanakuwa hivi. Nikimwondoa huyu, nitakayemweka atakuwa kama yeye kabla hajalizoea gari. Kiti chenyewe kinawanenepesha. Nibadilishe kiti?"

"Ungewawekea bomba la maji," nilisema. "Ungemrudisha yule mama. Ungewaacha washuke na kutembea kati ya mizunguko."

"Kampuni ya soda imenijengea paa la yadi. Masharti yao ni jokofu likae pale, na kisiuzwe wala kugawiwa kingine. Wazazi wanataka nauli isipande. Shule inataka watoto wafike mapema. Wakubwa wa mji wametaka barabara pana, wameipata. Nitajie wa kumkamata, mzee, nikusindikize mwenyewe."

Akasimama tena kunisindikiza mlangoni. Akaniomba nipone haraka, nirudi kwenye kiti changu. Nami nikamwambia asante. Njia nzima kurudi nyumbani neno hilo liliniwasha mdomoni kama pilipili.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudi kwenye kiti. Pipa moja limebaki.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua haijakatika tangu jana. Nilibishana hadi sauti ikaisha, kisha nikawa nampiga bega kwa kidole. Aliniacha nimpige.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika kwa urefu, na naomba nivumiliwe.

Asubuhi hii, kwenye kituo kikubwa ambako wazazi wengi husimama na miavuli yao, nilimwomba mwanangu afungue mlango, nikateremka. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu jana, moja moja, kama nilivyopanga herufi. Nilivua kofia.

"Mabibi na mabwana, naomba radhi kuwachelewesha. Dereva wa basi hili ni mwanangu. Ni mgonjwa. Husinzia akiwa kwenye usukani. Mimi hukaa nyuma yake kumwamsha, na siku ambayo sikuwepo pipa lilianguka korongoni. Tafadhali msiwapandishe watoto."

Nilitarajia makelele. Nilikuwa tayari hata kwa mawe. Badala yake wote walitazama viatu vyao, na nikaelewa kwamba kila mmoja alikuwa ameshasikia jambo fulani kutoka kwa mtoto wake na kuliweka pembeni.

Mama mmoja mwenye sare ya hospitali alisema kwa sauti ndogo, "Sasa, mzee, kesho atawapeleka nani? Mimi zamu yangu imeshaanza."

"Watembee," nilisema.

"Barabara hii?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Baba mmoja kijana, mwenye tumbo linaloanza, alinipigapiga mgongoni. "Lakini si wewe upo pale, babu? Wanetu wanakupenda. Kaa tu, endelea kumchokoza." Akamwinua mwanawe, akamweka kwenye ngazi. Mwingine akafuata. Miavuli ikafungwa mmoja mmoja, na watoto wakapanda kama kawaida.

Ndipo injini ikazimwa.

Mwanangu alijisukuma kutoka kwenye kiti. Ilichukua muda, na hakuna aliyemsaidia, wala sidhani angekubali. Alishuka kinyumenyume akishika nguzo, akasimama kwenye mvua mbele ya watu wote akihema. Nadhani wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa amesimama.

"Baba yangu hasemi uongo," alisema. Akauweka ufunguo juu ya boneti ya basi. "Mpigieni tajiri simu. Mimi siendeshi."

Wazazi wakaanza kupiga kelele sasa, lakini walimpigia yeye.

Jumatano, 1 Mei

Haongei nami. Anakaa kwenye kochi, macho wazi.

Ijumaa, 3 Mei

Fundi viatu hakupiga saluti. Aliuliza, "Bosi anaumwa?" Nilisema ndiyo. "Pole yake," alisema. "Atakonda sasa." Alisema kwa huzuni ya kweli.

Jumapili, 5 Mei

Chakula cha mchana kilipokwisha, mwanangu alisema, akitazama sahani yake, "Ungeniambia mimi kwanza, baba."

"Nilikuambia, mwanangu. Siku ile kwenye kona."

"Hapana. Siku ile uliniomba samahani."

Mkwe wangu aliacha kukusanya vyombo. Nilifungua mdomo, nikajikuta nimekaribia kuomba samahani tena. Niliufunga.

"Unakufa," nilimwambia. "Ukilala unakufa, na ungekufa nao. Nilipaswa kulisema hivyo tangu Machi."

Alimsogezea binti yake gilasi ya maji. "Hatapanda lile basi," alisema. "Kesho tutampeleka kwa miguu."

"Barabara ile?" aliuliza mkwe wangu.

"Nitakaa upande wa magari."

Jumatatu, 6 Mei

Tulitoka watatu: mjukuu wangu upande wa ndani, mimi katikati, mwanangu upande wa magari, mpana kama ukuta. Kwa mara ya kwanza nilishukuru upana ule. Alisimama kwenye kila nguzo ya umeme kupata pumzi, mkono juu ya nguzo, midomo imebadilika rangi. Sisi tulijifanya tunatazama kitu kingine. Magari yalitupigia honi. Dereva mmoja alishusha kioo akapaza sauti, "Mtembeze babu, Bosi, siyo akutembeze yeye!" Mwanangu hakuwa na pumzi ya kumjibu.

Tulikuwa hatujafikia kona ya korongo tuliposikia basi nyuma yetu. Tulijibana kwenye ukingo. Lilipita karibu hata kioo chake cha pembeni kikagusa mwavuli wangu, na kwenye madirisha watoto walitupungia mikono na kuita, "Babu! Babu Kichekesho!" Nilitazama mbele. Dereva mpya ni kijana, ametoka kwenye basi jingine la tajiri, na shingo yake imejaza kola ya shati. Kiti cha nyuma yake kilikuwa kitupu. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Labda alikuwa akitafuta kitu kwenye redio.

Mjukuu wangu alinishika mkono kwa nguvu. Mwanangu aliita, lakini sauti yake haikutoka zaidi ya pumzi. Basi lilikwenda moja kwa moja, na kona ikawa inakuja, na pipa lile moja lilikuwa limesimama kwenye maji. Tuliangalia taa zake za breki, sote watatu.

Ziliwaka. Kwa leo ziliwaka.